Taa ya upepo wa tairi imegoma kuzima na upepo upo. Wa Kigoma na Tabora mnaoijua, naombeni msaada

Mwisho wa Reli
Habari wakuu. Nipo Kigoma, Mwanga. Nina gari, Volkswagen Tiguan ya 2012 iliyotoka Japani, nimeinunua kwa mtu mwaka jana. Wiki tatu zilizopita nikitokea Tabora nilipata pancha kabla sijafika Nguruka, tairi la nyuma kushoto. Nikafunga spea, nikasogea hadi kijijini, kijana akaziba, akajaza kwa pampu ya mguu, nikaendelea na safari. Tangu siku hiyo ile taa ya njano yenye umbo la chungu na alama ya mshangao ndani yake haizimi.

Nimepima upepo mara nne kwenye sheli mbili tofauti, matairi yote psi 35 (psi ni kipimo cha upepo). Fundi wa kwanza kaniambia sensa ndani ya tairi imevunjwa na chuma cha kufungulia, ninunue mpya. Wa pili kasema nichomoe waya wa betri dakika kumi. Wa tatu kanishauri nibandike gundi nyeusi juu ya taa nisahau. Mimi humo nabeba watoto, siwezi kuziba taa. Kwa nini iwake wakati upepo upo, na inazimwaje?

Asali Mbichi
Pole mkuu. Waya wa betri usichomoe. Nilifanya hivyo kwenye gari langu, redio ikadai namba ya siri, vioo vikaacha kupanda vyenyewe, na taa ikawaka vile vile. Ngoja mafundi waje.

Fundi Isevya
Nipo Tabora, kazi yangu ni hii. Huyo wa sensa usimpe hela kwanza.

Mifumo hii iko ya aina mbili. Kuna wenye sensa ndani ya rimu, imeungana na mdomo wa tairi (pale panapojaziwa upepo), inapima upepo wenyewe na kurusha taarifa kwa redio. Na kuna usio na kitu chochote ndani ya tairi. Huu unatumia sensa za ABS (breki zinazozuia matairi kujifunga), zile zinazohesabu mzunguko wa kila gurudumu. Tairi lililopungua upepo linakaa chini kidogo, kwa hiyo ili liende sambamba na wenzake linalazimika kuzunguka haraka zaidi. Kompyuta ikiona moja linawazidi wenzake, inawasha taa. Tiguan ya miaka hiyo ni ya aina hii ya pili. Haijui kama una 35 au 20, kazi yake ni kulinganisha.

Angalia karibu na gia. Kuna kitufe chenye hicho kichungu na neno SET. Jaza upepo matairi yakiwa baridi, washa swichi, bonyeza na ushikilie mpaka usikie mlio. Kisha endesha. Itahitaji muda barabarani ijifunze upya mizunguko ya kawaida ni ipi.

Mzee wa Fuso
Hapo umemdanganya kijana. Kila gari lenye taa hiyo lina sensa ndani ya tairi. Nimeshuhudia kwa macho yangu Dar wakifungua tairi, kidude cheusi kama kiberiti kimekaa nyuma ya mdomo.

Kipimo Kwanza
Shikamoo mzee wangu. Ulichokiona ni kweli kwa gari ulilolifungua, ila si kwa yote. Marekani walipitisha sheria mwaka 2000, baada ya ajali nyingi za matairi kupasuka, na kufikia Septemba 2007 magari madogo yote mapya yakawa lazima yawe na mfumo huu. Kanuni yao inataka taa iwake tairi likipungua asilimia 25 chini ya upepo uliopangwa, ndiyo maana ya kule mengi yana sensa za ndani. Ulaya walianza Novemba 2012 kwa aina mpya za magari, na Novemba 2014 kwa kila gari jipya. Kule mifumo yote miwili ipo.

Japani hawakulazimisha, na ndiyo sababu Vitz na IST zetu nyingi hazina taa hii kabisa.

Dalili ya haraka: mdomo wa tairi ukiwa wa chuma wenye nati, mara nyingi nyuma yake kuna sensa. Ukiwa wa mpira mtupu, mara nyingi hakuna. Nasema mara nyingi kwa sababu zipo sensa za midomo ya mpira pia.

Mzee wa Fuso
Marahaba. Nimekuelewa kuhusu hizo sheria. Lakini bado nasema afungue tairi aangalie.

Binti Ujiji
Samahani kuingilia. Mimi nina Vitz na sijawahi kuona hiyo taa. Ina maana mimi najuaje?

Kipimo Kwanza
@Binti Ujiji kwa kipimo, dada. Nunua cha kwako cha mkononi, ukiweke kwenye droo ya gari. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna karatasi ndogo imebandikwa, hapo wameandika upepo wa gari lako. Ya Japani huandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo. Ukikuta 230, hiyo ni psi 33. Gawanya kPa yoyote kwa 6.9 utapata psi.

Mwisho wa Reli
@Fundi Isevya Mungu akubariki. Kitufe kipo! Kilikuwa chini ya vumbi na maganda ya karanga za watoto, sijawahi kukigusa tangu ninunue. Mdomo wa tairi ni mpira. Nimebonyeza, kikalia, taa imezima. Nimeenda Mwandiga na kurudi, kimya.

Mvuvi wa Katonga
Uzi ufungwe. Fundi wa Tabora apelekewe migebuka.

Fundi Isevya
Migebuka napokea, iliyokaushwa vizuri. Ila mkuu hujasema kama ulijaza ikiwa baridi.

Mwisho wa Reli
Wakuu, uzi usifungwe. Leo nimetoka saa nne asubuhi kwenda Uvinza kikazi. Nikiwa nakaribia kufika, taa imerudi. Nimesimama, nimezunguka gari, kwa macho yote yako sawa. Nimepima kwa kipimo cha mtu wa pancha pale: mbele 38 na 38, nyuma kulia 38, nyuma kushoto 36. Nilijaza 35 yote jana jioni nikitoka kazini.

Mwalimu wa Fizikia
Hizo namba zinaongea. Upepo ukipata joto unapanda, kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Ulijaza jioni matairi yakiwa na moto wa siku nzima. Ukaiambia gari "hii ndiyo kawaida". Asubuhi tairi likapoa, kisha barabarani likapata joto tena, na halipati kwa usawa: upande wa jua na upande wa kivuli si sawa, na upande uliobeba mzigo haulingani na mtupu. Kawaida uliyoifundisha haikuwa kawaida. Rudia alfajiri, gari likiwa limelala.

Halafu kuna mwinuko. Tabora tupo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kigoma kandoni mwa ziwa ni kama 775. Hewa ya nje huko chini inasukuma zaidi, kwa hiyo kipimo kitasoma pungufu karibu psi 0.7 ukishuka, hata kama hujapoteza upepo wowote. Aliyejaza Dar akapanda Tabora, kipimo kitamwonyesha zaidi kama psi 2.

Dereva Nguruka
Mwalimu, ya joto nakubali. Ya mwinuko inashusha matairi yote manne kwa pamoja, na Fundi keshasema huo mfumo unalinganisha. Kama wote wameshuka sawa, nani atamshtaki mwenzake?

Mwalimu wa Fizikia
@Dereva Nguruka umenishika vizuri. Kwa gari lake mwinuko hauwashi taa. Kwa lenye sensa za ndani ungesaidia kuisogeza karibu na mpaka. Narekebisha.

Mama Mawese
Hiyo ya kulinganisha imenigusa. Mimi nabeba mawese kutoka Kigoma hadi Kasulu na Kibondo, gari letu lina mfumo huo wa kitufe. Mwaka juzi tulikaa miezi bila kuongeza upepo, matairi yote yakawa yameshuka pamoja hadi 22, 23. Taa haikuwaka hata siku moja. Tairi la nyuma lilipasuka na madumu yamejaa. Nilimwona kijana wangu wa kazi amekaa kando ya barabara ameshika kichwa, mafuta yamemwagika hadi kwenye viatu vyake, mwekundu kama aliyekatwa panga. Alikuwa mzima, namshukuru Mungu. Tangu siku ile kila Jumatatu alfajiri napima mwenyewe, simtumi mtu. Msiiamini taa kwa sababu imezima.

Binti Ujiji
Pole sana mama. Nimeagiza kipimo.

Kipimo Kwanza
Pole mama. Na hilo ndilo linalonitia shaka kwa mleta uzi pia. Psi 36 penye 38 hutokea. Lakini vipimo vya watu wa pancha vimeanguka chini mara ngapi? Cha sheli kilikupa 35 yote, cha Uvinza kikakupa tofauti ya 2. Kipi kinasema kweli? Pima manne yote kwa kipimo kimoja, asubuhi moja.

Fundi Isevya
Mimi naona tairi linavuja polepole. Chukua maji ya sabuni, paka kwenye kiraka, kwenye mdomo, na ukingo wote wa rimu. Pancha ya njiani huzibwa kwa haraka, na ukingo wa rimu ukipata udongo mwekundu haushikani vizuri na tairi.

Mzee wa Fuso
Sensa ya ABS imeshika tope. Ile ya nyuma kushoto. Pancha ilitokea huko huko, jeki ikawekwa huko huko. Waya umevutwa.

Fundi Isevya
@Mzee wa Fuso ingekuwa hivyo taa ya ABS nayo ingewaka. Na chungu kingepepesa kama dakika moja kila akiwasha gari, ndipo kitulie. Kupepesa ni ugonjwa wa mfumo wenyewe. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, inalalamikia tairi. @Mwisho wa Reli yako inapepesa?

Mwisho wa Reli
Haipepesi. Inawaka na kutulia.

Mzee wa Fuso
Sensa chafu si sensa iliyokufa. Inasoma, ila inakosea kidogo. Mmesoma vitabuni, mimi nimeendesha miaka 31.

Asali Mbichi
Mzee leo amekuja na miaka yake yote.

Dereva Nguruka
Nitie neno kwa wenye sensa za ndani, maana wapo watakaosoma uzi huu. Nimeendesha gari la namna hiyo la mwajiri wangu. Kwanza, betri ya sensa hudumu kati ya miaka mitano na kumi, haichajiwi, ikiisha unabadilisha sensa nzima. Pili, ile dawa nyeupe ya kumimina ndani ya tairi kuziba pancha inaweza kuziba tundu la sensa, ikasoma uongo. Tatu, ukienda kuziba, mwambie kijana mapema aanze kufungua upande wa mbali na mdomo wa tairi, chuma kisipite pale. Nne, ukiagiza sensa uulize masafa ya redio. Magari ya Japani na Marekani mengi ni megahezi 315, ya Ulaya ni 433. Ukifunga ya 433 kwenye gari la 315, hazitasikilizana hata ufanyeje. Sisi tulinunua nne, zikakaa ndani bure.

Mvuvi wa Katonga
Vipi vile vifuniko vya kufunga kwenye mdomo wa tairi kwa nje, vyenye kioo kidogo kinachotumia nguvu ya jua kwenye dashibodi? Shemeji yangu Tabora anavyo, vinaonyesha namba ya kila tairi.

Mama Mawese
Vinafanya kazi. Vya kwangu viliibiwa viwili Kasulu gari likiwa limesimama sokoni. Sasa nafunga na nati yake ya kuzuia.

Asali Mbichi
Na mimi naambiwa nijaze nitrojeni, eti upepo hautashuka tena. Ni kweli?

Mwalimu wa Fizikia
Hewa unayojaziwa sheli karibu asilimia 78 ni nitrojeni tayari. Kinachosaidia kwenye nitrojeni ya mtungi ni ukavu wake, haina maji. Kwa gari la nyumbani weka hela yako kwenye kipimo kizuri.

Mwisho wa Reli
Wakuu nimerudi. Nimefanya ya sabuni. Nimechanganya kwenye kikombe, nikapaka kwa brashi ya viatu. Kiraka kikavu, rimu kavu. Kwenye mdomo wa tairi nikaona kapovu kadogo, kama jicho la dagaa, kanavimba taratibu, kanapasuka, kanavimba tena. Nimehesabu kwa simu: kamoja kila sekunde 50 hivi. Nimebadilishiwa ile sindano ya ndani ya mdomo, shilingi mia tano, povu limekoma. Nimejaza alfajiri 35 yote, nimebonyeza SET. Naomba dua.

Mvuvi wa Katonga
Sasa uzi ufungwe.

Fundi Isevya
Subirini. Povu moja kwa dakika ni kitu kidogo sana, kwa mwendo wa kufika Uvinza lisingemaliza psi 2. Ni vizuri limekoma, lakini silioni kama ndilo lililowasha taa.

Mwisho wa Reli
Siku tatu kimya. Leo nimeenda Uvinza tena, taa imewaka karibu na pale pale. Nyuma kushoto 37, mengine 38.

Kipimo Kwanza
Mkuu, inama usome maandishi ubavuni mwa matairi yote manne. Yote, usikadirie.

Mwisho wa Reli
Mbele kulia 235/55 R17. Mbele kushoto 235/55 R17. Nyuma kulia 235/55 R17. Nyuma kushoto 225/55 R17. Nimeishiwa maneno. Nimekumbuka, yule kijana aliniambia tairi langu limekatika ubavu, akaniwekea la mkononi aliloliziba, "saizi hiyo hiyo". Nilikuwa nawahi usiku usinikute njiani.

Kipimo Kwanza
Ndilo hilo.

Mwalimu wa Fizikia
Twende taratibu. 235/55 R17 ina kipenyo kama milimita 690, 225/55 R17 kama 679. Kwa kilomita moja kubwa linazunguka mara 461, dogo mara 469. Mizunguko minane zaidi kila kilomita. Kwa kompyuta hiyo, dogo linaonekana kama tairi lililolegea upepo.

Dereva Nguruka
Mwalimu hesabu safi. Lakini alibonyeza SET likiwa limefungwa hilo hilo dogo. Si ingelizoea na kulihesabu ndiyo kawaida yake?

Mwalimu wa Fizikia
Ndiyo. Na hapo ndipo hesabu yangu inaposimama. Ingepaswa kulizoea.

Fundi Isevya
Inazoea ndani ya mipaka. Mengine kompyuta inakataa ikiona tofauti ni kubwa mno. Halafu tairi jembamba lililochakaa linapata joto tofauti likibeba mzigo, kwa hiyo kwenda Mwandiga na kwenda Uvinza si kitu kimoja. Mimi sasa naamini ni mchanganyiko wa saizi na joto. Ila nasema hivi kwa uzito: hata taa isingewaka, usiendeshe hivyo. Kama lako ni lile la kuvuta matairi yote manne, nyuma saizi mbili tofauti, difu (zile gia zinazoyaruhusu matairi mawili kuzunguka tofauti) inafanya kazi muda wote kama gari linakata kona. Unaumiza na mashine inayogawa nguvu mbele na nyuma. Hiyo ukiua utalia.

Mzee wa Fuso
Na kwa nini iwake karibu na Uvinza kila mara? Tairi dogo ni dogo hata Mwanga. Barabara ya kule inatikisa, waya unagusa. Nyuma kushoto, sensa ya ABS. Nimesema tangu juzi.

Binti Ujiji
Mzee ana hoja ujue.

Asali Mbichi
Au mfumo unahitaji mwendo mrefu wa kasi moja ndipo uamue. Mjini unasimama kila hatua, haupati nafasi ya kuhesabu. Njia ya Uvinza ndiyo inampa kilomita za kutosha.

Fundi Isevya
@Asali Mbichi hilo nalo lina uzito. Haiwashi taa papo hapo, inakusanya kwanza.

Mama Mawese
Mwanangu nunua matairi mawili mapya ya nyuma yanayofanana, ndipo mjue mengine. Watoto wako humo.

Mwisho wa Reli
Nimekuelewa mama. Mawili nimeagiza Mwanza, yanafika wiki ijayo. Kwa sasa nimerudisha spea, nimekuta ni 235/55, nimelifunga nyuma kushoto. Leo saa kumi na moja alfajiri, kipimo changu mwenyewe: 34.5, 35, 35, 35. Nimebonyeza SET. Jumamosi nakwenda Uvinza mtupu, bila mzigo. Mzee wa Fuso, nikifika nitaosha hiyo sensa uliyosema kwa maji na mswaki.

Mzee wa Fuso
Ioshe kabla ya kuondoka, si ukifika. Halafu tuone.

Fundi Isevya
Akiosha kabla na akiwa amebadilisha tairi, taa isipowaka tutajuaje ni lipi lilikuwa tatizo? Aende kwanza bila kuosha.

Mzee wa Fuso
Aoshe.

Binti Ujiji
Kipimo changu kimefika. Vitz yangu: 19, 24, 31, 20. Naelekea sheli sasa hivi. @Mwisho wa Reli Jumamosi ukiwa Uvinza niletee chumvi kilo tano, nitakupa hela yako hapa Ujiji.